Joto Kwanza: Kumtunza Geko Chui Ndani ya Tangi

Mhadhara kwa wazazi na vijana waishio Uingereza

Nimeombwa nizungumzie mjusi mmoja tu, na sitatoka kwake. Katika kazi yangu ya udaktari wa wanyama hakuna mtambaazi ninayeletewa mara nyingi kama geko chui, na hakuna anayenitia uchungu kama yeye. Wengi wanafika kwangu na maradhi ambayo hayakuanzia mwilini mwao. Yalianzia kwenye tangi: joto lilipungua au lilizidi, unyevu haukuwapo pale ulipotakiwa, chakula hakikuwa na kalsiamu. Mwenye mjusi anampenda kweli. Kamnunulia pango la plastiki lenye sura ya fuvu na majani ya bandia ya kupendeza, ila kipimajoto hakununua.

Mjusi mwenyewe mnamfahamu: manjano, madoa meusi, mkia mnene wenye pingili, na macho yenye kope zinazofumba. Kope hizo ndizo zinazomtenga na mjusi kafiri wa kuta za kwetu, ambaye hana kope za kufumba. Tena nyayo za geko chui hazimwezeshi kupanda ukuta wala kutembea darini. Ana kucha, na maisha yake ni ya ardhini. Ndugu zake wa ukoo huo wa wenye kope wapo hata kwetu. Katika nyika kavu za Somalia, Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania yuko mjusi mdogo wa usiku ambaye wanasayansi wanamwita Holodactylus africanus, na wengi wetu tumezaliwa na kukulia huko bila kumwona hata siku moja.

Geko chui asili yake ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Aliyemwingiza katika vitabu vya sayansi, mwaka 1854, ni Edward Blyth, aliyekuwa mtunza makumbusho ya Asiatic Society mjini Calcutta. Makao yake ni vilima vya mawe na nyika kavu. Picha za madukani zinamwonyesha juu ya mchanga laini wa jangwa, na picha hizo zimeleta madhara makubwa, kwa sababu kwao ardhi ni ngumu: udongo ulioshindiliwa, changarawe, mawe yenye nyufa. Mchana hujificha mashimoni na chini ya mawe, ambako hubaki unyevu hata juu pakiwa pamekauka kabisa. Jua likizama, mawe yakiwa bado yana joto, hutoka kuwinda. Mwenye kuyajua hayo ameshajua nusu ya kazi ya kupanga tangi.

Nianze na joto, na hapo nitakaa zaidi kuliko mahali pengine. Sisi tunajitengenezea joto kwa chakula tunachokula. Mjusi hulichukua nje. Nguvu zake za kusaga chakula, za kupigana na vijidudu na za kuponya kidonda zote zinategemea nyuzi za mahali alipolala. Akila nyenje watano kisha akalala penye baridi, chakula hakisagiki. Kitamlemea tumboni au atakitapika. Tazameni mayai yake mtaona uzito wa jambo hili. Yai la geko chui halina jinsia linapotagwa. Yakiatamiwa kwenye nyuzi 26 za Selsiasi, karibu yote hutoa majike. Yakiwekwa kwenye nyuzi 32 na nusu, wengi huwa madume. Yakipandishwa hadi 34, majike wanarudi kuwa wengi tena. Kiumbe ambaye nyuzi chache tu zinaamua kama atakuwa dume au jike si wa kuwekewa joto kwa kukisia.

Kwa hiyo tangi liwe na upande wa joto na upande wa ubaridi, naye ajichagulie. Juu ya jiwe au kigae anacholalia pafike nyuzi 32 hadi 35. Upande wa pili hewa iwe nyuzi 24 hadi 26. Usiku, taa zikizimwa, kushuka hadi 20 si ubaya kwa mjusi mzima mwenye afya; hata kwao usiku una baridi. Lakini tofauti hiyo haipatikani ndani ya tangi dogo. Kwa mjusi mmoja mzima ninashauri urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Vitangi vya nusu ya urefu huo, vinavyouzwa kwa jina la vifaa vya kuanzia, hupata joto kila pembe kwa pamoja na hupoa kila pembe kwa pamoja, mjusi akakosa pa kukimbilia.

Hapa Uingereza wengi wenu mmeuziwa mkeka wa joto, ule mwembamba wa umeme unaowekwa chini ya kioo. Una kazi yake, hasa usiku nyumba ikipoa mno, ila haupashi hewa. Mimi napendelea taa ya joto juu ya tangi wakati wa mchana, ipashe jiwe, na jiwe limpashe mjusi jioni. Chochote mtakachochagua kipitishwe kwenye thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto. Hilo halina mjadala. Mkeka usio na thamostati unaweza kupanda hadi kumuunguza mjusi tumbo, naye akaendelea kulala papo hapo huku ngozi inaungua. Taa iliyo ndani ya tangi izungushiwe wavu, asiweze kuigusa.

Nikiuliza nyuzi ngapi, jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba joto lipo, tumegusa kwa mkono. Fikirini kidogo. Ngozi ya mkono wako yenyewe ina nyuzi zilizo karibu na hizo anazotaka mjusi. Jiwe lililo sawasawa utaliona halina joto, utaongeza moto, na jiwe utakaloliona lina joto zuri huenda limeshapita kiasi. Vile vipimajoto vya duara vinavyobandikwa kwenye kioo navyo vinakueleza habari za kioo. Nunueni cha dijitali chenye waya na kihisi, na kihisi kilale pale pale mjusi anapolala. Kile cha kuelekeza kwa mbali kinafaa pia kwa kupima jiwe, lakini kisiwe kile cha paji la uso tulichokizoea wakati wa Korona, maana hicho kimetengenezwa kwa mwili wa binadamu na kitawadanganya.

Mjusi naye anasema, ukimtazama. Akishinda upande wa joto usiku na mchana bila kuondoka, tangi zima lina baridi. Akijibanza pembe ya ubaridi siku nenda siku rudi, jiwe limezidi moto. Akikwaruza kioo kila jioni, kuna kitu kinamkera: joto, ukosefu wa maficho, au anajiona kwenye kioo. Mwekeeni maficho yasiyopungua matatu, moja upande wa joto, moja upande wa ubaridi, na la tatu ndilo nitakalolieleza sasa.

Geko chui hujivua ngozi maisha yake yote. Mtoto hufanya hivyo kila baada ya wiki moja au mbili, mzima kila mwezi hivi. Rangi hufifia, mwili mzima ukawa mweupe wa vumbi, kisha husugua pua kwenye jiwe mpaka ngozi ifunguke mdomoni, akaivuta kwa meno na kuila yote. Asubuhi hukuti hata kipande. Sasa, tangi likiwa kavu kila mahali ngozi haiachii vizuri, na inapong'ang'ania ni vidoleni. Niliwahi kuuweka mguu wa mjusi mmoja chini ya lenzi. Kidole cha katikati kilikuwa kimevimba nchani na kuwa cheusi, na chini ya uvimbe huo ngozi kuukuu za vipindi kadhaa zilikuwa zimerundikana, moja juu ya nyingine, zimebana kama uzi uliofungwa kwa fundo. Damu ilikuwa haipiti. Kidole cha namna hiyo hakirudi, kinakauka na kuanguka, na mjusi yule vidole vingine alikuwa ameshavipoteza zamani. Mwenye mjusi huyo alikuwa kijana mwangalifu. Alikuwa amesoma kwamba huyu ni mjusi wa nchi kavu, akajitahidi kila siku asiache hata tone la maji sakafuni.

Dawa yake ni pango la unyevu, ndilo yale maficho ya tatu, na halina gharama. Chukueni kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko. Toboeni mlango ubavuni, mpana kidogo kuliko mwili wa mjusi mwenyewe, na lainisheni kingo zisimkate. Ndani wekeni taulo za karatasi zilizoloweshwa, au makumbi. Ndiyo, makumbi yetu yale yale ya nazi. Madukani hapa yanauzwa yamekaushwa na kushindiliwa kama matofali. Yaloweke, kisha uyakamue mpaka yaache kudondosha maji. Kopo likae katikati ya tangi au kuelekea upande wa joto, na libadilishwe vitu vya ndani kabla havijaota ukungu. Sehemu nyingine zote za tangi zibaki kavu, unyevu wa asilimia 30 hadi 40, kwa maana kulowesha tangi zima kunaleta maradhi ya ngozi na ya mapafu. Mkikuta ngozi imeshabaki vidoleni msiivute ikiwa kavu. Mwekeni kwenye maji ya vuguvugu yasiyovuka magoti yake kwa dakika 15 au 20, kisha isukumeni taratibu kwa kijiti cha pamba kilicholowa, kuelekea nchani. Ikikataa, mleteni.

Kuhusu sakafu nitasema machache. Mchanga laini, hasa ule unaouzwa eti ni wa kalsiamu na unaweza kuliwa, usimwekee. Huumeza pamoja na nyenje, ukajaa utumbo hadi ukaziba, na mjusi aliyepungukiwa na kalsiamu au aliye kwenye baridi ndiye anayedhurika haraka zaidi. Vigae vya jikoni vinafaa sana: vinashika joto, vinamsugulia kucha, vinasafishika. Taulo za karatasi zinafaa kwa mtoto na kwa mgonjwa, maana choo chake unakiona. Mwenye uzoefu anaweza kushindilia mchanganyiko wa udongo na mchanga ukawa mgumu kama wa kwao.

Chakula chake ni wadudu walio hai. Mboga na matunda hali. Wapo nyenje, nzige na mende wa kufugwa, na hao ndio wawe chakula cha kila mara. Mabuu ya nondo wa nta yana mafuta mengi, mpe mara moja moja tu. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Mtoto hula kila siku, mzima mara mbili au tatu kwa wiki. Nyenje waliobaki watolewe kabla hamjalala, kwa sababu nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala. Wadudu wa bustanini waacheni, hamjui jirani amenyunyizia dawa gani.

Shida ya wadudu hawa ni kwamba wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Mwili wa mjusi hauwezi kukaa bila kalsiamu. Misuli na moyo vinaitaka kila saa. Isipotoka kwenye chakula, mwili unaichimba kwenye mifupa. Mifupa inalainika, na hapo tunapata matege yale yale ambayo bibi zetu waliyajua kwa watoto wa binadamu. Taya la chini linakuwa laini, ukiligusa linabonyea. Miguu inapinda, mjusi anatembea kwa tumbo. Vidole vinatetemeka. Kwenye picha ya eksirei, mifupa ambayo ingepaswa kuonekana myeupe iliyokolea inaonekana kama kivuli. Tukimwahi tunaweza kuusimamisha ugonjwa, lakini mfupa uliokwisha kupinda haunyooki.

Kinga yake ni ya kila mlo. Kwanza walisheni wadudu wenyewe mboga bora kwa siku moja au mbili kabla ya kumpa mjusi, kwa sababu kilichomo tumboni mwa nyenje ndicho mjusi anachokula. Kisha watieni kwenye mfuko pamoja na unga wa kalsiamu, mtikise, wakitoka wawe wamepakwa unga. Kalsiamu bila vitamini D3 haifyonzwi vizuri. Zamani tuliambiwa kwamba mnyama wa usiku hahitaji mwanga wa jua, apewe D3 ya unga inatosha. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba geko chui akipata mionzi hafifu ya UVB huitengeneza D3 mwenyewe, hata kwa muda mfupi tu. Kwao hutoa mkia au mguu mwangani akiwa mlangoni mwa shimo. Mimi sasa nawashauri wateja wangu waweke mrija wa UVB wa nguvu ndogo upande mmoja wa tangi, penye kivuli karibu, isipokuwa kwa wale walbino, ambao macho yao yanaumizwa na mwanga na wanahitaji uangalifu zaidi. Mwenye UVB apunguze D3 ya unga, kwani ikizidi nayo ni sumu.

Mpimeni kwa mizani ya jikoni kila wiki na mwandike. Mkia ni ghala lake la mafuta. Ukiwa na upana wa shingo au zaidi, hali ni njema. Ukianza kusinyaa huku anakula, tazameni kinyesi, msingoje. Kuna kijidudu kiitwacho Cryptosporidium ambacho hukaa utumboni, kikamkausha mjusi mpaka mkia ukabaki kijiti. Hatuna dawa ya uhakika ya kukimaliza, na dawa za klorini tunazosafishia nyumba hazikiui. Ndiyo sababu mjusi mpya akae peke yake, chumba kingine, kwa vyombo vyake, angalau miezi miwili au mitatu, na kinyesi chake kipimwe kabla hajakaribiana na wengine. Na hata baada ya hapo, kila mjusi tangi lake. Madume wawili watapigana hadi kuumizana vibaya. Dume na jike, jike atasumbuliwa na kutaga bila kupumzika. Hata majike wawili wanaoonekana wamelala pamoja kwa upendo, mara nyingi wanagombea sehemu moja yenye joto, na mmoja ndiye anayekula.

Vijana, najua mnachotafuta kwenye simu zenu: rangi. Sina neno baya juu ya rangi, ila jueni mnachokinunua. Iko aina iitwayo Lemon Frost, manjano yenye kung'aa ajabu, iliyouzwa kwa fedha nyingi. Baadaye wengi wao wakaanza kuota vivimbe vyeupe chini ya ngozi. Ni saratani ya chembe zile zile zinazowapa mng'ao. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba rangi hiyo na saratani hiyo vinatoka mahali pamoja, kwenye jeni iitwayo SPINT1. Iko nyingine, Enigma, ambayo huzaliwa na kasoro ya ubongo: kichwa kinapinda, anazunguka pale pale, anamkosa nyenje aliye mbele yake. Msinunue hawa. Kila anayenunuliwa anamfanya mfugaji azalishe mwingine.

Faraja iliyopo ni kwamba geko chui wanaouzwa hapa wamezaliwa kwa wafugaji, vizazi na vizazi. Si kila mjusi ana bahati hiyo. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, yuko mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, anayeishi kwenye mikadi. Alikamatwa kwa maelfu kwa ajili ya matangi ya Ulaya na Marekani, na mikadi ikakatwa ili apatikane, mpaka akafikia ukingoni kabisa mwa kutoweka. Tangu mwaka 2017 mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Mkimwona anauzwa mahali, ulizeni karatasi.

Niseme na wazazi. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, hapa England na Wales, inamtaka mwenye mnyama amtimizie mahitaji yake: makao yanayofaa, chakula kinachofaa, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, kukaa na wenzake au mbali nao kadiri ya maumbile yake, na kulindwa na maumivu na maradhi. Aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuuziwa mnyama. Mbele ya sheria mwenye mjusi ni wewe mzazi. Na mjusi huyu huishi miaka 15 hadi 20. Mtoto wa miaka 12 ataondoka kwenda chuo, mjusi atabaki kwako. Najua pia kwamba katika nyumba zetu nyingi wazee hawapendi mjusi ndani, na wana sababu zao. Wasilazimishwe. Kama bibi hataki, au kama hakuna mtu mzima aliye tayari kumshughulikia, msimlete.

Wanaomleta, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, maana reptilia hubeba bakteria wa Salmonella bila wao kuugua. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike. Na asishikwe mkia na mtu yeyote. Akiogopa huukata mwenyewe, ukaruka ruka chini, akapoteza akiba yake yote. Utaota mwingine, mfupi, laini, usio na pingili, wenye gegedu badala ya mfupa.

La mwisho ni swali mlilonitumia kabla ya leo, wengi wenu: tukienda nyumbani Agosti, wiki nne, mjusi afanyeje? Asifungiwe na bakuli la wadudu. Atafutwe mtu wa kuingia kila siku kubadilisha maji na kutazama kipimajoto, na wa kumlisha mara mbili au tatu kwa wiki. Mtu huyo aje wiki moja kabla ya safari, aoneshwe kihisi kilipo, nyuzi zinazotakiwa ziandikwe kwenye karatasi ibandikwe kiooni, na balbu ya akiba iwepo. Daktari wenu aambiwe jina la mtu huyo na apewe ruhusa ya kumtibu mjusi, kwa sababu kukupigia simu Mombasa saa nane za usiku kuuliza kama tumfanyie eksirei ni kupoteza saa ambazo huenda hana.